Mitambuu: samadi na urea pamoja, kipimo ni kipi?

Mparago_Bumbwisudi

Assalaam alaykum wakulima wenzangu. Naomba vipimo, maana ushauri ninaoupata unagongana.

Shamba liko Bumbwisudi, Unguja. Mitambuu 60 (mmea wa majani ya tambuu ya kutafuna), umri mwaka mmoja na nusu, kila mmoja umeparaga kwenye mti wake wa glirisidia, nafasi mita 2 kwa 2. Udongo ni kinongo, ukichimba kidogo unagonga jiwe. Mwezi wa Februari kila shina lilipata ndoo ya lita 10 ya samadi ya kuku wa mayai, mbichi kutoka bandani. Urea ni konzi moja kila mwezi, inarushwa juu ya matandazo ya makuti.

Hali ilivyo: majani mapana, kijani kizito, laini mno. Yanachanika wakati wa kuchuma, na yakipelekwa soko la Darajani kesho yake yameshalegea. Masika haya mashina 9 yameoza usawa wa ardhi. Tena kuna majani machanga yanayotoka manjano, mishipa peke yake ndiyo kijani.

Mmoja ananambia niache urea, mwengine ananambia samadi ndiyo iliyoozesha mashina. Mimi ningependa kutumia zote mbili. Kiasi gani, lini, na iwekwe wapi?

Kinongo_na_Kichanga

Wa alaykum salaam kaka. Kila mmoja kati ya hao wawili ameshika nusu ya jambo. Kuchanganya samadi na mbolea ya dukani hakuna ubaya, na kwa mtambuu ndiyo njia iliyo bora. Kilichoharibika kwako ni hesabu, na pahala unapoimwaga.

Tuifanye hiyo hesabu. Konzi ya mtu mzima inachukua kama gramu 40 za urea. Urea ni naitrojeni asilimia 46, basi kila konzi ina gramu 18 za naitrojeni. Sasa linganisha na Tamil Nadu, India, ambako tambuu ni zao la biashara lenye vipimo vyake: wanapendekeza kilo 150 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka mzima, nusu itoke kwenye mashudu ya mwarobaini na nusu kwenye urea, ikigawiwa mara tatu. Kilo 150 kwa hekta ni gramu 15 kwa mita moja ya mraba. Mtambuu wako mmoja ukiupa duara la upana wa mita 1.4, hiyo ni kama mita ya mraba moja na nusu. Zidisha: gramu 23 kwa mwaka. Wewe unatoa 18 kwa mwezi, juu ya ndoo ya samadi ya kuku ambayo peke yake ina gramu 50 kwenda juu. Na kule mitambuu imebanana kwenye matuta na inachumwa kwa nguvu, kwa hiyo hizo gramu 23 kwako ndio mwisho, usizivuke.

Naitrojeni ikizidi, mtambuu unakua kwa haraka kuliko unavyojikaza. Pingili zinarefuka, jani linakuwa pana lakini ngozi yake nyembamba na maji mengi ndani. Jani la namna hiyo linachanika kwenye kikonyo, linalegea njiani, na ukungu unalipenya bila tabu. Hayo matatu uliyoyataja ni ugonjwa mmoja.

Kwa nini zote mbili? Kwa sababu kwenye mtambuu unachuma majani, na jani ndipo naitrojeni ilipo. Kila mchumo unaitoa shambani. Samadi iliyoiva inaachia chakula chake polepole, sehemu tu katika mwaka wa mwanzo, haiwezi kukimbizana na mchumo wa kila wiki mbili tatu. Urea inakimbizana, lakini kwenye kinongo chembamba juu ya jiwe haina kitu cha kuishikilia: mvua moja kubwa imekwisha. Samadi ndiyo inayoushika udongo na maji, na kile kidogo cha dukani kinabaki pale mizizi ilipo.

Mpango wa mwaka kwa shina moja ni huu.

Mwisho wa Februari, kabla ya masika, kilo 2 na nusu za samadi ya ng'ombe iliyoiva, yaani robo debe. Mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, kiasi hicho hicho. Ukipata mashudu ya mwarobaini, changanya gramu 100 kila mara kwenye samadi hiyo. Yana naitrojeni kama asilimia 5 na yanapunguza minyoo ya mizizi, ile inayofanya vinundu.

Mbolea ya dukani mara nne, kila mara baada ya kuchuma, udongo ukiwa na unyevu:
- katikati ya Machi, mvua ikishalowesha: urea gramu 6
- katikati ya Juni, masika yakishapita: NPK 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) gramu 15
- mwanzo wa Novemba: NPK gramu 15
- mwisho wa Disemba, vuli ikimalizikia: urea gramu 6

Gramu 15 za NPK hiyo zina naitrojeni karibu sawa na gramu 6 za urea, kwa hiyo usiziweke pamoja siku moja ukidhani moja ni nyongeza. Aprili na Mei usitie kitu. Mvua ya wakati ule inaisomba mbolea, na mtambuu uliolainika katikati ya masika unaoza.

Kupima: kifuniko cha soda kilichosawazishwa kinachukua kiasi cha gramu 5 za NPK, urea pungufu kwa kuwa ni nyepesi. Jaza vifuniko 20 vya kila moja, pima kwenye mizani ya dukani, gawa kwa 20. Ukishajua chako, andika kwenye mfuko. Mambo ya konzi yaishe.

Pahala: mizizi ya mtambuu iko juu juu, mingi ndani ya kina cha kiganja. Usitie jembe. Fukua makuti, chora mfereji kwa kijiti kina cha vidole viwili, duara lililo mbali na shina sentimita 30, nyunyiza, fukia, rudisha makuti, mwagilia lita 2 kama hakuna mvua. Urea uliyokuwa ukiirusha juu ya makuti sehemu kubwa imepotea hewani kama amonia. Makuti yanayooza yamejaa vijidudu vinavyoivunja haraka, na hakuna udongo wa kuinasa. Hiyo ndiyo harufu kali unayoisikia siku ya pili yake kukiwa na joto.

Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo kwenye udongo, lakini chokaa ya jiwe la chini inakifunga, na samadi ya kuku wa mayai inazidisha kwa kuwa chakula chao kina chokaa nyingi. Pumzisha samadi ya kuku mwaka mzima. Badala ya urea tumia S/A (salfeti ya amonia) kwenye raundi zile mbili, gramu 13 mahali pa gramu 6: naitrojeni ni ile ile, lakini S/A inautia udongo uchachu kidogo karibu na mzizi, na chuma kinafunguka.

SamadiTupu

Kinongo, hesabu yako nzuri, lakini hapo penye miti ya glirisidia hiyo urea ya nini? Mti wenyewe unatengeneza naitrojeni. Kata matawi mara mbili kwa mwaka, tandaza. Ongeza jivu la jikoni na mwani ulioshuka pwani, mtambuu utapendeza bila duka. Isitoshe, tambuu inaliwa mbichi, mtu anaitia mdomoni na popoo na chokaa yake hivyo hivyo. Mlaji ana haki ya jani safi.

Kinongo_na_Kichanga

Hoja ya glirisidia naikubali, na nilipaswa kuitaja mwanzo. Kilo 2 za majani mabichi ya glirisidia zina naitrojeni gramu 12 hadi 15, na yanaoza ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kaka wa Bumbwisudi, ukiyakata matawi mwanzo wa Machi ukatandaza kilo 2 kila shina, ile raundi ya Machi ya dukani iache kabisa. Faida ya pili ni kubwa zaidi: mwanga unaingia na upepo unapita kabla masika hayajakaza. Bakisha kivuli cha nusu, usiuvue mti wote, jani la tambuu likipigwa na jua la moja kwa moja linageuka manjano na kukakamaa.

Jivu lina potasiamu, kweli, ila lina uchungu wa chokaa. Kwenye kinongo ambacho tayari kinafunga chuma, jivu linazidisha umanjano ule ule. Lifae mwenye kichanga kilichochoka au udongo mchachu, konzi moja kwa shina, mara mbili kwa mwaka. Na hata huko lisikutane na urea, S/A wala samadi siku moja, maana jivu linaifukuza amonia ikatoka hewani. Acha wiki tatu baina yao.

Mwani ni mzuri baada ya kuachwa kwenye mvua mpaka chumvi iondoke, kisha uingie kwenye biwi la mboji. Mwani mbichi chini ya mtambuu ni chumvi, na chumvi inaunguza kingo za majani.

Kuhusu usafi wa jani, samadi mbichi ndiyo hatari zaidi kwa mlaji kuliko gramu 6 za urea zilizofukiwa ardhini. Vijidudu vya kinyesi vinarukia majani ya chini kwa matone ya mvua. Samadi iive, ifunikwe na matandazo, majani ya chini ya urefu wa goti yasipelekwe sokoni. Chai ya samadi imwagwe ardhini tu, isipuliziwe kwenye majani kamwe.

BiMkubwa_Kengeja

Naona mnazungumza chakula, na mashina 9 yaliyooza mmeyapita haraka. Huku kusini mwa Pemba mvua ni nyingi na mashamba yako kwenye miteremko, kwa hiyo kuoza ndiko kunakomaliza mitambuu kuliko njaa. Nami naomba niseme hapo, wanangu.

Kinachoozesha shina usawa wa ardhi wakati wa masika mara nyingi ni Phytophthora, kimelea kinachoogelea kwenye maji ya udongo. Utakijua hivi: shina likigeuka jeusi na teketeke karibu na ardhi, ukilibonyeza ganda linavuka, majani ya juu yanalegea yote kwa siku chache yakiwa bado kijani. Kwenye majani ya chini kunakuwa na mabaka ya duara ya hudhurungi iliyoiva, kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukiona badala yake nyuzi nyeupe za ukungu shinani na vipunje kama mbegu za haradali, huo ni ugonjwa mwengine wa shina, na huo unapenda samadi mbichi na takataka zilizorundikwa kwenye shina.

Kwa hiyo samadi na matandazo visiguse shina. Acha nafasi ya shubiri moja wazi, ardhi ionekane. Kosa hili ndilo ninaloliona likirudiwa kila shamba: mtu anakusanya samadi shinani kama anapalilia muhogo. Mtambuu una mizizi kwenye kila fundo, ukiufukia shina unafikiri unausaidia, kumbe umeulaza kwenye maji.

Wenye mteremko, samadi na mbolea ya dukani ziwekwe upande wa juu wa shina kwa umbo la mwezi mchanga, si duara zima. Mvua itateremsha kidogo kidogo kwenye mizizi. Ukiiweka upande wa chini imekwenda kwa jirani. Na mfereji wa kuchepusha maji uchimbwe juu ya mstari wa mwanzo, kina cha jembe moja, kabla ya Machi.

Kaka wa Bumbwisudi, jaribu maji: chimba shimo la kina cha sentimita 30, pahala palipo mbali na mitambuu, lijaze maji, yakauke, lijaze tena. Ukirudi baada ya saa nne na maji bado yamo, pahala hapo pandisha tuta la sentimita 20 kabla ya kupanda upya. Mbolea ya namna yoyote haitakusaidia pahala maji yanaposimama.

Mashina yaliyooza yang'oe na mizizi yake, yachome nje ya shamba. Shimo usipande mtambuu mpaka vuli ipite. Yaliyo jirani yamwagie dawa ya mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa: mrututu gramu 100, chokaa gramu 100, maji lita 10, chombo cha plastiki, si cha chuma. Koroga mrututu kwenye lita 5 na chokaa kwenye lita 5 nyingine, kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa huku unakoroga. Chovya kisu cha chuma cha kawaida, kisicho na kutu, dakika moja. Kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa kidogo, la sivyo itaunguza mizizi. Nusu lita kwenye shina, ardhini. Itumike siku ile ile, ikilala haifai. Usiipulizie kwenye majani unayochuma, maana madoa ya buluu yanakwenda mdomoni kwa mtu. Na kwa kuwa ina chokaa, na kaka tayari ana umanjano, asiimwage shamba zima, iwe kwa yale ya jirani tu.

Mparago_Bumbwisudi

Nashukuru sana, Bi Mkubwa shikamoo. Nina maswali matatu. Samadi ya ng'ombe ninayoweza kuipata imekaa nje miezi miwili, nitajuaje imeiva? Samadi ya kuku iliyobaki nyumbani ni polo nne, niitupe? Na hizi nilizokwisha kuzidisha mwaka huu, niendelee na mpango au nisubiri?

Kinongo_na_Kichanga

Kukaa nje hakuivishi. Samadi iliyotandazwa juani inakauka tu, na mvua imeshaiosha. Ichukue, irundike biwi la urefu na upana wa mita moja, tabaka la samadi na tabaka la majani makavu, ilowe mpaka ukikamua konzi itoe tone moja mbili, funika kwa makuti. Igeuze kila wiki mbili. Chomeka panga katikati, liache dakika tano, ulishike bapa lake: mwanzoni litakuwa moto wa kushindwa kushika. Likitoka vuguvugu mara mbili mfululizo hata baada ya kugeuza, imekaribia. Jaribio la mwisho: tia konzi yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, funga, uweke kivulini siku tatu. Ukifungua ikanuka amonia au uozo, bado. Ikinuka udongo wa mvua ya kwanza, tia shambani. Hesabu wiki 8 mpaka 12.

Samadi ya kuku usiitupe. Ichanganye kwenye biwi hilo, sehemu moja ya kuku kwa tatu za majani makavu au makumbi yaliyopondwa. Kama ina randa za mbao, wiki 12 zisipungue, kwa sababu randa zisizooza zinaivuta naitrojeni ya udongo na mtambuu unabaki na njaa. Kisha itumie kwenye mazao mengine kwanza, migomba inaipenda. Kwenye mitambuu yako ya kinongo irudi mwaka ujao, kilo 1 tu kwa shina mahali pa kilo 2 na nusu.

La tatu: simamisha kila kitu cha naitrojeni kwa miezi mitatu. Endelea kuchuma kama kawaida, mchumo wenyewe utaipunguza iliyozidi. Angalia majani mapya kuanzia fundo la nne kutoka nchani: pingili zikifupika na jani likikunjika bila kuchanika, mtambuu umetulia, anza na raundi inayofuata ya kalenda. Majani ya zamani, ya chini, yakigeuka manjano yote kwa pamoja, hiyo ndiyo njaa ya naitrojeni, anza mapema zaidi. Yakiungua kingo tu, ni potasiamu, raundi yako ya mwanzo iwe NPK. Na mtambuu ukibaki mnyonge na kudumaa hali umelishwa, fukua mzizi mmoja utazame vinundu. Ukivikuta ni minyoo, tia mashudu ya mwarobaini gramu 200, chakula kingine hakitafika juu.

BiMkubwa_Kengeja

Marahaba mwanangu. Nyongeza moja kabla hujaanza: weka mitambuu 10 upande mmoja usiitie mbolea ya dukani kabisa, samadi na glirisidia tu, kama anavyotaka SamadiTupu. Mingine 10 mpango kamili. Hesabu majani kila mchumo, na kila kundi lifungie fungu lake la majani 50 kwenye jani la mgomba, lilaze kivulini siku tatu, utazame yapi yamelegea. Na chukua udongo kutoka pahala 10 kina cha sentimita 20, uchanganye, upate nusu kilo, uulizie kupimiwa kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo pale Kizimbani, si mbali na wewe. Waambie wakuangalizie uchachu wa udongo kwanza, kabla hujanunua hiyo S/A.

SamadiTupu

Naafiki jaribio hilo. Mitambuu 10 ya samadi ipe mashudu ya mwarobaini gramu 400 kwa mwaka, si 200, ili naitrojeni yake ikaribie ya upande wa pili, la sivyo unalinganisha aliyekula na mwenye njaa. Matokeo yalete hapa baada ya vuli.